Saa ya Katoni

Kazi yangu ni kukumbusha.
Nakaa nyuma ya pazia juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kitabu magotini, tochi mdomoni,
na anayesahau namnong'onezea.
Mawigi pia nimeyashona mimi: mkonge wa Gikomba,
nikausuka, nikaupaka unga wa muhogo,
hadi wazee watatu wa Kaloleni wakafanana na kondoo
walioitwa kumwona mfalme.

Mchezo wenyewe ni wa Kifaransa, wa kale,
wa enzi ya mishumaa na soksi ndefu za wanaume.
Baba anagombana na jirani kwa ajili ya mti wa peasi
uliosimama mpakani, mguu mmoja huku, mmoja kule.
Kesi imekula miaka kumi na tisa.
Sasa anataka kumwoza bintiye kwa mpima ardhi
ili mpaka usogee hatua tatu.
Hatukulazimika kumweleza mtu yeyote wa Nairobi
kwa nini hilo linachekesha,
wala kwa nini halichekeshi.

Mwalimu Kisiangani ndiye aliyetafsiri.
Alituambia Wafaransa walipima mstari silabi kumi na mbili:
sita, pumzi, sita.
Akapiga meza. "Lakini hivi ni vipande! Ukwapi na utao!
Hawa watu walikuwa jirani zetu, tukakosa kusalimiana."
Miezi minane alihesabu kwa vidole,
kwenye foleni ya benki, kwenye mazishi ya shemeji yake,
mpaka kijakazi akapata la kumwambia bwana:

*Binti si kiwanja cha kupimwa kamba,*
*wala moyo wake si hati ya shamba.*

Mutheu ndiye kijakazi. Mchana huuza vifungo na zipu River Road;
anajua kumtazama mteja hadi mteja ajione bahili.
Baba ni Mzee Ombaso, karani mstaafu wa reli.
Katika tendo la nne hujificha ndani ya saa kubwa ya sebuleni
asikie nyumba yake inamsema vipi.
Saa hiyo ni katoni ya friji, tumeikopa dukani kwa Hirani,
tukaichora namba za Kirumi. Tisa imepinda.

Jumamosi Ombaso aliingia ndani ya saa
akiwa hajalala tangu Alhamisi.
Mkewe yuko Kenyatta, na usiku yeye hukaa kwenye kiti kando ya kitanda,
wigi lake mfukoni, akirudia maneno.

Mutheu akamaliza kumteta. Kimya.
Nikanong'ona. Kimya.
Nikanong'ona kwa sauti ya kumwamsha marehemu.
Ndipo katoni ikaanza, taratibu,
kama kinu cha posho asubuhi ya soko.
Ukumbi mzima ukashika pumzi.
Mutheu akageuka, mkono kiunoni:

*Nyie, hii saa, kumbe hukoroma!*

Mama mmoja safu ya mbele alianguka na kiti chake.
Mwalimu alisimama mlangoni, uso umemwiva,
maana maneno hayo hayamo, hayakuwamo kamwe.
Nikaona vidole vyake vikikunjika kimoja kimoja.
Sita. Pumzi.
Sita.
Akakaa.

Na kutoka ndani ya katoni,
sauti ya mtu asiyejua kumekucha wapi:

*Sikoromi mimi, mshale wagoma!*

Sijui alilitoa wapi. Mimi sikumpa.

Tulizima taa saa nne, kwaya ya Jumapili ilitaka ukumbi.
Peasi ya tendo la kwanza, kutoka Limuru, hatukuiona tena;
mbegu zake zilikuwa chini ya jukwaa.
Mwalimu akachukua kitabu changu na penseli,
akaandika mistari ile miwili pembeni,
mwandiko mdogo, bila kumuuliza mtu ni ya nani.

Ombaso alikuwa akitoa mkonge kwenye kola,
ana haraka, wodi hufunga mlango.
"Hayo ya mshale," aliniuliza, "yamo kitabuni?"
Nikamwangalia macho yake mekundu.
"Yamo," nikasema.
"Yamekuwamo tangu mwanzo."